Dawa Hupanda Mlima, Hesabu Hushuka

Kuna neno moja la Kimakonde ambalo limetembea kuliko Mmakonde yeyote. Limefika kisiwa cha Réunion, limefika India, Karibea na Brazili. Limo katika vitabu vya tiba vya lugha nyingi, na madaktari wasioweza kuionyesha Newala kwenye ramani hulitamka kama neno la kawaida la kazi yao. Neno lenyewe ni chikungunya. Wengi huandika kwamba ni la Kiswahili. Si kweli. Ni la watu wa uwanda wa Makonde, na linataja kitu kinachomkunja mtu, kwa sababu mgonjwa huumwa viungo mpaka anatembea ameinama.

Ugonjwa huo ulilipuka uwandani mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, naye W. H. R. Lumsden, aliyetoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akaeleza jinsi ulivyosambaa. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Damu ya wagonjwa wa Newala ilisafirishwa hadi Entebbe, na huko R. W. Ross akafanikiwa kuvitenga virusi vyenyewe.

Katika maelezo ya Lumsden kuna jambo ambalo kila mtoto wa uwandani atalielewa bila kufundishwa. Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji yalifuatwa mabondeni, kwa miguu, na waliokwenda kuyafuata ni wanawake. Yakishafika nyumbani yalitunzwa kwenye vyombo kwa siku kadhaa, maana hakuna anayemwaga maji aliyopanda nayo mlima kichwani. Mbu aina ya Aedes aegypti hupenda maji yaliyotulia karibu na watu. Akapewa nyumba. Kwa hiyo mlipuko ule ulikuwa na mizizi yake katika tatizo la usafirishaji: kilichohitajika kila siku kilikuwa mbali, kikaja kwa taabu, kikawekwa akiba, na akiba ikazaa ugonjwa.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kila ninaporudi kwenye mkasa huu, virusi si jambo linalonishika zaidi. Linalonishika ni safari. Damu ilitoka Newala ikafika Entebbe. Jina lilitoka Newala likazunguka dunia. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2023, miaka 71 baada ya mlipuko. Habari za wagonjwa wetu zilitoka haraka. Swali ni nini hurudi, baada ya muda gani, na nani huamua.

Siku hizi kuna mtu anayelipwa mshahara kwa ajili ya swali hilo. Anaitwa mkurugenzi wa mradi wa ugavi wa dawa. Hapimi homa wala hachomi sindano, na kijijini hakuna anayemjua. Kazi yake ni kujua vidonge vingapi vimo kwenye stoo ngapi, vitatosha mpaka gari lijalo au havitatosha, na nani atampa habari hizo kabla rafu haijabaki tupu. Cheo ni kipya. Kazi yenyewe ni ya zamani, na ukiifuata nyuma unapata historia ya kusini ambayo haimo sana katika vitabu vya shule.

*

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza msafara kutoka Lindi hadi Masasi, akiwa na watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha kijiji cha misheni. Tangu hapo, kwa miongo mingi, kila kitu kilichotoka pwani kilipanda bara juu ya vichwa vya wapagazi. Nguo, vitabu, chumvi, dawa. Katika mfumo huo kipimo cha dawa kilikuwa shingo ya binadamu: mzigo usiobebeka haukufika.

Lakini dawa iliyosambaa kwa kasi kuliko zote katika kusini ya enzi zile haikutoka Ulaya. Ilikuwa maji ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Mwaka 1905 wajumbe walioitwa hongo waliipeleka kutoka jamii moja hadi nyingine, na ilivuka mipaka ya makabila ambayo hakuna mtawala wa Kijerumani aliyewahi kuivuka kwa hiari ya watu. Ilifika kwa sababu aliyeileta aliaminika. Misheni ya Masasi nayo ilichomwa katika vita hiyo.

Naitaja hapa kwa sababu moja. Kinjekitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi huohuo, watu kwa maelfu walilivamia boma la Mahenge na kupigwa kwa bunduki za rashasha. Wanahistoria wataendelea kubishana kuhusu imani, hasira na ujasiri wa siku ile, na wana haki ya kubishana. Mimi naona pia mtandao uliokuwa hodari sana wa kupeleka dawa mbele, ilhali habari za matokeo yake zilirudi polepole mno. Dawa ilikwenda. Hesabu haikurudi kwa wakati.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1935, daktari mpasuaji Mwingereza Leader Stirling alifika Tanganyika kufanya kazi na misheni, akawekwa Lulindi, wilayani Masasi. Baadaye alihamia Mnero, karibu na Nachingwea. Alichukua uraia wa Tanzania, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya, kazi aliyoifanya hadi 1980. Mtu aliyeanzia Lulindi alikuwa na sababu ya kujua tofauti ya dawa iliyoko bandarini na dawa iliyoko mkononi. Katika miaka yake wizarani Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977, yenye dawa 200 hivi. Mwaka uliofuata dunia ikakutana Alma-Ata kuzungumzia afya ya msingi kwa wote.

Tanzania ilikuwa imeshaanza kujenga. Vituo vya afya vijijini vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru vilikaribia 240 mwaka 1980, na zahanati zikawa zaidi ya 2,000. Ni kazi kubwa, na vijana tuzungumze juu yake kwa heshima. Hata hivyo kila jengo jipya lilizaa rafu mpya, na kila rafu ilitaka kujazwa tena mwezi ujao, na ule mwingine, bila mwisho. Jengo hujengwa mara moja. Dawa hupelekwa milele.

Na njia ya kuipeleka kusini ilikuwa mbaya. Reli pekee tuliyowahi kuwa nayo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikafika Mtwara, ikapata tawi la Masasi, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa karanga hazikulipa. Barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na Mto Rufiji. Watu walisubiri pantoni Ndundu, na masika ilipokolea walisubiri sana. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, nalo likapewa jina lake. Kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga kilichukua zaidi ya miaka kumi mingine kukamilika kwa lami. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210 zinazobeba korosho ya taifa, ilibaki ya vumbi kwa sehemu yake kubwa hata baada ya hapo.

*

Mwaka 1984 lilikuja boksi.

Denmark ilitoa fedha, UNICEF ikanunua, na kila zahanati na kila kituo cha afya kikawa kinapata boksi lake la dawa kila mwezi. Lilifungwa tangu lilikotoka ili lisipunguzwe njiani. Lilikuwa wazo zuri katika nchi isiyokuwa na fedha za kigeni. Kwa mara ya kwanza, mganga wa kijiji cha mbali aliweza kutarajia kitu na kukipata.

Tatizo la boksi ni kwamba halikusikia. Ndani yake mlikuwa na dawa zilezile kwa zahanati ya bondeni kwenye mbu wengi na kwa zahanati ya mlimani kwenye vichomi. Mwezi ulipofika katikati, dawa moja ilikuwa imekwisha na nyingine imejaa mpaka chini ya kitanda, ikisubiri kuharibika. Aliyelipanga alikuwa amepiga wastani wa nchi nzima, na mgonjwa wa wastani hayupo kijiji chochote.

Hapo ndipo hesabu ikawa siasa. Bohari ya Dawa, ambayo watu wengi wanaijua kwa herufi MSD, iliundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka uliofuata, ikirithi Bohari Kuu ya zamani. Mtwara ikawa na bohari ya kanda. Taratibu, mfumo ukageuzwa: badala ya makao makuu kusukuma boksi, kituo chenyewe kijaze fomu kila baada ya miezi mitatu, kieleze kilichotumika na kilichobaki, kisha kiombe.

Kwenye fomu hiyo kuna safu ambayo naiona kuwa ya maana kuliko zote: siku ambazo dawa haikuwapo. Tuchukue mfano rahisi wa kubuni. Zahanati ilitumia dozi 500 katika siku 90. Ukisoma haraka utaipelekea 500 nyingine. Lakini kama dawa ilikuwapo kwa siku 50 tu, basi ilitumika kwa kasi ya dozi 10 kwa siku, na mahitaji halisi ya miezi mitatu ni 900. Asiyejaza safu ile anaandika bila kujua kwamba wagonjwa wa siku 40 hawakuwapo. Atapewa kidogo, ataishiwa mapema, atatumia kidogo, atapewa kidogo tena. Ukosefu hujizaa wenyewe, na karatasini kila kitu kinaonekana sawa.

Nimelelewa uwandani na najua sauti ya zile siku 40. Ni maneno mawili: dawa hamna. Mama yangu ameyasikia dirishani akiwa na mtoto mgongoni, akapewa kikaratasi akanunue dukani. Hakuna leja iliyomwandika mama yangu kama mgonjwa aliyekosa. Kwa mfumo, hakuugua.

*

Mfano ninaoupenda zaidi wa kazi ya mkurugenzi wa mradi ulifanyika jirani na sisi, ng'ambo ya bonde la Lukuledi, katika Wilaya ya Lindi Vijijini. Mradi uliitwa SMS for Life. Ulijaribiwa mwaka 2009 hadi 2010 katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vilikuwamo vituo 129 vinavyohudumia vijiji 226 na watu wapatao milioni 1.2. Walioshirikiana ni Wizara ya Afya, ubia wa kimataifa wa kutokomeza malaria, na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Mkurugenzi wake, Jim Barrington, hakuwa daktari. Alikuwa amesimamia teknolojia ya habari huko Novartis.

Wakati huo nchi ilikuwa imeshahamia dawa mseto kwa ajili ya malaria, baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001 na SP kufuata njia hiyo miaka mitano baadaye. Dawa mseto ilikuwa ghali na ilikuwa ikiingia nchini. Mtoto wa kijijini alikuwa bado anaikosa.

Mradi haukununua hata kidonge kimoja cha ziada. Kila Alhamisi, mhudumu wa zahanati alipokea ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, ile ya kawaida ya vitufe. Alitakiwa kuhesabu vitu vitano: pakiti nne za dawa mseto, zinazotofautiana kwa uzito wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Alijibu kwa ujumbe usiomgharimu. Aliyejibu ndani ya muda alipata salio la simu, na aliyechelewa alikumbushwa. Mganga Mkuu wa Wilaya aliona idadi zote mahali pamoja.

Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimekosa walau moja ya dawa hizo tano. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Majibu yalikuja kwa asilimia 95, na yalipokaguliwa stoo, usahihi wake ulikuwa asilimia 94. Lindi Vijijini walifanya vizuri kuliko wote: kufikia wiki ya nane, upungufu ulikuwa umeondoka, na haukurudi kwa kiasi cha kutajwa mpaka majaribio yalipokwisha.

Tafakari takwimu hizo. Wahudumu walewale waliokuwa wakilaumiwa kwa uzembe walijibu kwa asilimia 95 walipoulizwa swali fupi, kwa njia waliyoimudu, na kwa shukrani ndogo. Dawa iliyosemwa kuwa haipo mara nyingi ilikuwa zahanati ya jirani au kwenye stoo ya wilaya, ila hakuna aliyekuwa na picha nzima. Aliyeiona picha aliweza kutuma pikipiki.

Hii ndiyo kazi ya mkurugenzi ninayoiheshimu. Hakuanza na gari. Alianza na maswali: nani anahesabu, siku gani, kwa kifaa gani, nani anasoma, na anayesoma ana mamlaka ya kufanya nini? Swali la mwisho huua miradi mingi. Taarifa inayofika kwa mtu asiyeweza kuamua kitu ni barua iliyopotea.

Msomaji makini atauliza kama haya yote si kukwepa suala la fedha. Swali ni la haki. Bohari ikiwa tupu, ujumbe wa Alhamisi utatangaza njaa tu, hautapika chakula. Serikali isipoilipa MSD, hakuna programu ya kompyuta itakayojaza rafu. Ndiyo maana mkoani Dodoma, mwaka 2014, ulianza mfumo wa mshitiri uitwao Jazia, ambao kufikia 2018 ulienezwa nchi nzima: MSD ikikosa, vituo hununua kwa msambazaji mmoja aliyeteuliwa. Lakini hata fedha zikiwapo, zisizofuata hesabu hununua boksi lile la 1984. Na hesabu nayo ina gharama yake. Zahanati nyingi zina mtu mmoja au wawili. Yule anayezalisha usiku ndiye anayechoma chanjo asubuhi na kujaza leja jioni. Kila mradi unapoleta fomu yake unadhani ni dakika 15 tu, na haujui kwamba kabla yake wamepita wengine wanne.

*

SMS for Life ilienezwa nchini kuanzia 2011. Baadaye ulikuja mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa, eLMIS, uliojengwa kwa msaada wa Wamarekani na kutumika pia Zambia. Gari la MSD lilianza kwenda hadi mlangoni kwa zaidi ya vituo 5,000, badala ya kushusha mzigo wilayani na kuondoka. Kwa mtu wa Newala haya ni maendeleo ya kweli, na sitaki kuyapuuza.

Lakini miradi hufa. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri iliyotolewa katika siku za kwanza za rais mpya, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Sehemu kubwa ya miradi ya ugavi wa dawa nchini ilikuwa imelipwa kwa mfuko huo kwa karibu miaka 20. Wakurugenzi waliambiwa wasimamishe kazi, nao walisimama. Reli ya karanga iling'olewa kwa sababu waliokuwa wakilipa walikuwa na hesabu zao huko kwao. Historia ya kusini imejaa vitu vilivyoondoka pamoja na aliyevileta.

Kwa hiyo kipimo changu cha mkurugenzi mzuri ni kimoja: mwezi wa kwanza baada ya ofisi yake kufungwa, je, mtu wa zahanati anaendelea kuhesabu, na je, yupo mtu wilayani, wa serikali yetu, anayesoma na kuamua? Kama jibu ni ndiyo, kazi ilifanyika. Kama jibu ni hapana, tulikodishiwa hesabu.

Hapa sisi wanafunzi wa historia tuna kazi pia. Tumezoea kwenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kusoma barua za maofisa wa kikoloni, na tunafanya vyema. Ila kwenye stoo za zahanati za Newala, Tandahimba na Masasi zinawezekana kupatikana leja za miaka ya boksi na miaka ya fomu, zikishindana na mchwa. Ndani yake mna misimu ya malaria, miaka ya njaa, wiki ambazo barabara ilikatika. Robinson alilipata neno chikungunya kwa sababu kuna mtu aliyewasikiliza wagonjwa wakitaja ugonjwa kwa lugha yao, akaandika. Leja nazo ziliandikwa na watu waliokuwa wakisikiliza, kila wiki, kwa kalamu ya bluu. Anayetafuta mada ya tasnifu aanze na safu ya siku ambazo dawa haikuwapo.